Slaidi Zinazozima Kompyuta

Jumamosi jioni Al Wukair ni wakati wa maandalizi. Wiki ya kazi Qatar huanza Jumapili, na katika nyumba za kupanga za eneo hili la kusini mwa Doha, ndani ya manispaa ya Al Wakrah, wanaishi watu wengi ambao kazi yao ya kesho inategemea karatasi: walimu, maofisa usalama wa maeneo ya ujenzi, wasimamizi wa walinzi wenye kikosi cha kufundisha kabla ya zamu. Wakenya, Waganda na Watanzania wamo. Slaidi ziko tayari, printa imewashwa, amri ya kuchapa inatolewa, kisha programu inaganda. Au inajifunga yenyewe. Au, baya kuliko yote, skrini nzima inageuka bluu na kompyuta inajiwasha upya.

Hapo ndipo watu huanza kupoteza fedha. Yupo anayekimbilia kununua printa mpya, yupo anayefuta mfumo mzima na kuuweka upya, na yupo anayekubali kuambiwa kwamba hajui kompyuta. Huyu wa mwisho ndiye anayeniuma. Kuchapa ni kazi inayopitia mikono mingi, na mara nyingi kosa haliko kwa aliyebonyeza kitufe.

Tuifuate kazi yenyewe. Programu ya slaidi huiuliza kwanza draiva ya printa, yaani ile programu ndogo inayoijua printa, karatasi ina ukubwa gani na wino una rangi ngapi. Ikipata jibu huanza kuchora kurasa. Windows huzipokea na kuzipanga kwenye foleni, kisha draiva huzigeuza ziwe amri ambazo printa inazielewa. Barua ya kawaida hupita njia hiyo bila shida kwa sababu ni herufi tu. Slaidi ina picha za simu zenye ukubwa kupita kiasi, vivuli, rangi zinazofifia na maumbo yanayopenya mwanga, na kila kimoja kinapaswa kuchorwa upya kwa kipimo cha karatasi. Faili ndogo huweza kuvimba mno ikifika kwenye foleni. Ndiyo maana mtu huchapa barua kumi salama, akaja kuangushwa na slaidi tatu.

Lakini anguko lina aina zake, na kila aina inasema jambo lake. Programu ya slaidi ikijifunga yenyewe huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi, mshukiwa ni faili, fonti iliyoharibika, programu-jalizi, au draiva ya printa. Skrini ikigeuka bluu, tatizo limeingia ndani zaidi, kwenye kiini cha mfumo au kwenye draiva zinazofanya kazi humo. Hakuna slaidi, hata iwe na mapambo kiasi gani, inayopaswa kuweza kufanya hivyo.

Mfano mkubwa tuliuona Machi 2021. Tarehe 9 mwezi huo, ikiwa Jumanne usiku kwa saa za Doha, Microsoft ilitoa masasisho yake ya kila mwezi ya Windows 10, likiwemo lenye namba KB5000802. Baada ya hapo, kompyuta sehemu nyingi duniani zikaanza kuanguka mara tu kazi ilipotumwa kwenye baadhi ya printa, za Kyocera, Ricoh na Zebra zikitajwa. Skrini ya bluu ilibeba maandishi APC_INDEX_MISMATCH na jina la faili win32kfull.sys, ambayo ni sehemu ya Windows inayohusika na uchoraji. Katika Windows NT 4.0 ya mwaka 1996, Microsoft iliihamishia kazi ya uchoraji ndani ya kiini cha mfumo ili iende kasi. Bei ya uamuzi huo ni kwamba uchoraji ukikosea, mashine nzima huanguka. Rekebisho la kwanza lilitoka tarehe 15 Machi, lakini bado kulikuwa na kurasa zilizotoka tupu au zenye picha zilizokosekana, na rekebisho jingine likafuata tarehe 18. Kwa ofisi ya Qatar, hesabu hiyo ilimeza Jumatano, Alhamisi, na kuanza tena Jumapili. Katika siku hizo, aliyenunua printa nyingine ya aina ileile alitupa fedha, na aliyelaumiwa na bosi wake alionewa.

Basi dawa ya kwanza ni kipimo kimoja kisichogharimu kitu: badala ya printa, ichapishe kazi hiyo iwe PDF. Windows 10 na 11 zina printa ya namna hiyo ndani yake, jina lake Microsoft Print to PDF. PDF ikitoka salama, faili yako ni nzima na wa kushukiwa ni draiva ya printa. Na faida haiishii kwenye utambuzi, kwani hiyo PDF unaweza kuitia kwenye flashi na kuipeleka kwenye duka lolote la kuchapa. Ikiwa hata PDF inaangusha programu, tafuta mchawi ndani ya faili: chapisha slaidi ya kwanza hadi ya tano, kisha ya sita hadi ya kumi, mpaka uifikie ile inayoangusha. Ukishaipata, punguza ukubwa wa picha zake au uondoe vivuli, na ujaribu tena.

Kwa wanaobeba kompyuta ya kazini kwenda nyumbani lipo jambo jingine, na nadhani ndilo linalosahaulika zaidi. PowerPoint huitazama printa iliyowekwa kuwa ya kawaida (default) hata kabla hujaamua kuchapa. Ikiwa printa hiyo iko kwenye mtandao wa ofisi katikati ya Doha, nawe uko Al Wukair, programu inaweza kusubiri jibu lisilokuja na kuonekana imeganda. Weka ile ya PDF iwe ya kawaida kabla hujaondoka ofisini. Ukiwa kwenye mipangilio ya programu yenyewe, sehemu ya Advanced, zima pia uchapishaji wa chinichini ili programu isifanye kazi mbili kwa pamoja. Karatasi nayo iangaliwe: tunatumia A4, lakini mipangilio ya Kimarekani huomba Letter, na printa husimama ikisubiri karatasi isiyokuwapo.

Na draiva ikionekana ndiyo yenye kosa, kuibadili si rahisi kwenye kompyuta ya mwajiri. Baada ya udhaifu wa kiusalama ulioitwa PrintNightmare kufichuka katikati ya 2021, Microsoft iliamua kuanzia Agosti mwaka huo kwamba kuchukua draiva kutoka kwenye seva ya kuchapia kutahitaji ruhusa ya msimamizi wa mfumo. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila umemwacha mfanyakazi wa Jumamosi jioni bila nguvu ya kujitengenezea. Waajiri wanaodai vijarida vilivyochapwa asubuhi wanapaswa kuwa na fundi anayepatikana usiku wa kuamkia siku hiyo.

Shida hizi zote za kuchapa zinashangaza kidogo, maana PowerPoint ilizaliwa kwa ajili ya kuchapa. Robert Gaskins na Dennis Austin walipoitoa mwaka 1987 katika kampuni ya Forethought, ilikuwa ya Macintosh, nyeusi na nyeupe, ya kutengenezea kurasa za kuwekwa juu ya projekta. Microsoft iliinunua kampuni hiyo mwaka huohuo kwa dola milioni 14.

Na si lazima kubaki na PowerPoint pekee. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi za OpenOffice zikisema Kiswahili. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, ni ya bure na ina programu ya slaidi iitwayo Impress. Fungua humo faili iliyokushinda na ujaribu kuichapa. Mpangilio unaweza kuyumba kidogo, lakini mara nyingine karatasi hutoka.

Ombi langu kwa msomaji ni hili. Skrini ikigeuka bluu, ipige picha kwa simu kabla haijapotea, kisha andika aina ya printa na tarehe ya sasisho la mwisho la Windows. Mpelekee fundi vitu hivyo vitatu, na usimruhusu afute chochote kabla hajavisoma.