Mionzi, Kipimo na Dozi: Kuieleza MRI katika Upangaji wa Tiba ya Saratani

Mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri aliniletea karatasi ya maelezo kwa wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi. Sentensi moja ilisomeka hivi: “Kabla ya mionzi utafanyiwa kipimo cha mionzi ya sumaku ili madaktari wapange kipimo cha mionzi.” Kisarufi haina kasoro. Hata hivyo, mionzi ya pili haipo kabisa, na kipimo cha kwanza si ndugu wa kipimo cha pili. Mgonjwa aweza kutoka katika mashine ya MRI akiamini kwamba tiba imeanza, au akaikataa picha yenyewe kwa kuhofia kuunguzwa mara mbili.

Tuanze na mwonzi, ambao wingi wake ni mionzi. Neno hili lina ujirani na mwale: mstari wa mwanga utokao katika chanzo chake. Katika somo la fizikia maana yake ni pana, na mawimbi ya redio nayo yamo. Hospitalini, hata hivyo, limebana. Mgonjwa akisikia mionzi hufahamu ile iwezayo kudhuru chembe hai, yaani ile yenye nguvu ya kung’oa elektroni katika atomu. Eksirei ni ya namna hiyo, na CT, ambayo hutumia eksirei, ni ya namna hiyo. Mashine ya tiba kadhalika, kwa nguvu kubwa zaidi. MRI si ya namna hiyo. Hutumia sumaku, mara nyingi ya tesla 1.5 au 3 (usumaku wa dunia haufiki hata tesla 0.0001), pamoja na mawimbi ya redio yanayovisukasuka viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji na mafuta ya mwili. Viini hivyo vinaporejea katika utulivu wake hutoa ishara, na kompyuta huzigeuza ishara hizo kuwa picha. Mwanafizikia atakayenilaumu kwa kusema kwamba MRI haina mionzi ana haki yake darasani. Katika karatasi ya mgonjwa namwomba anivumilie.

Herufi R katika MRI nayo imewatatiza wengi. Wapo wanaoandika “mwangwi wa sumaku”. Mwangwi ni sauti inayorudi baada ya kugonga ukuta au mlima, na katika MRI limo jambo jingine linaloitwa mwangwi kwa haki: ishara inayokusanywa upya baada ya kufifia. Tukilitumia neno hilo mapema, tutakosa la kulitaja jambo hilo. Mimi hupendelea mvumo: kitu huitikia kikisukumwa kwa kasi ya mtikisiko iliyo yake.

Kwa nini basi picha hii itakiwe katika kupanga tiba? CT hutofautisha vitu kwa jinsi vinavyozuia eksirei. Mfupa na pafu huonekana waziwazi, lakini uvimbe ulio katika mlango wa kizazi hufanana mno na nyama inayouzunguka. MRI huutenga. Kibofu kikiwa mbele na puru nyuma, milimita chache huamua ni kiungo kipi kitakachoungua. Mwaka 2005 kundi la wataalamu wa Ulaya, GEC-ESTRO, lilitoa mapendekezo ya kuchora mipaka ya uvimbe huo kwa MRI katika tiba ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huingizwa hadi karibu na uvimbe. Utafiti wa EMBRACE, ulioanza mwaka 2008, ulifuata njia hiyo.

Mfasiri asikimbilie kuandika kwamba MRI imechukua nafasi ya CT. Kwa tiba inayotoka nje ya mwili, hesabu ya mionzi huhitaji kujua kila tishu itafyonza kiasi gani, na jambo hilo CT hulieleza, MRI hailielezi. Katika picha nyingi za MRI mfupa mgumu na hewa vyote huonekana vyeusi, ingawa mbele ya mionzi ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa hiyo picha mbili hulandanishwa, au hutengenezwa CT ya kukokotolewa kutokana na MRI. Kitenzi kulandanisha kinatufaa hapa kuliko kuchanganya, kwa kuwa hakuna picha inayopotea ndani ya nyingine.

Mipaka inayochorwa ina tabaka. Kuna uvimbe unaoonekana, kisha eneo linaloshukiwa kuwa na chembe za saratani zisizoonekana, kisha nafasi ya ziada kwa ajili ya mwili unaosogea na makosa madogo ya kumlaza mgonjwa. Nafasi hiyo ya ziada nimeiona ikiitwa ukingo. Ukingo ni mwisho wa kitu, ilhali hapa tunaongeza eneo. Pambizo, kama ile ya ukurasa, inakaa vizuri zaidi.

Kipimo kinatuponza zaidi. Ni uchunguzi, na pia ni kiasi. Hivyo “kipimo cha mionzi” kinaweza kuwa eksirei ya kifua au grei 45 zilizogawanywa katika mafungu 25. Kwa kiasi tutumie dozi, tukikumbuka kwamba mgonjwa aliyezoea kuambiwa “maliza dozi” hulielewa neno hilo kuwa ni matibabu yote hadi mwisho. Taja grei na idadi ya siku, utata utaondoka. Sentensi ya mwanafunzi wangu tuliiandika upya hivi: “Kabla ya tiba ya mionzi utapigwa picha za MRI. Picha hizi hutumia sumaku na mawimbi ya redio, si mionzi. Madaktari watazitumia kuchora mipaka ya uvimbe na kupanga dozi ya tiba.”

Lilibaki swali la usalama: “Je, una chuma mwilini?” Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo atajibu hapana bila kudanganya, kwa kuwa hajawahi kukiita chuma. Metali ni neno sahihi, lakini wengi waliliacha shuleni. Tuliamua kuvitaja vitu vyenyewe: kifaa cha moyo, klipu iliyowekwa katika mshipa wa ubongo, kipande cha risasi, na kwa fundi wa kuchomelea, punje za chuma zilizowahi kumruka jichoni.