Vitabu vya Bure Mtandaoni, na Sababu ya Kuwa Bure

Likizo ikifika, wengi wetu hushika simu ya mzazi na kuandika jina la kitabu, kisha neno "bure". Papo hapo hufunguka milango mingi. Mmoja una kitabu. Mwingine wataka namba ya simu ya mwenye nyumba, na wa tatu wataka upakue programu usiyoijua. Kabla ya kuingia mlango wo wote yafaa kujiuliza: kitabu hiki kimekuwaje bure?

Kitabu ni mali ya mtunzi wake. Kwa sheria ya Tanzania mali hiyo hulindwa muda wote wa uhai wake, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Muda huo ukiisha, kitabu huwa cha watu wote, na kila atakaye aweza kukichapa, kukigawa au kukisoma kwa sauti. Chukua tamthilia ya The Merchant of Venice. Shakespeare alikufa mwaka wa 1616, basi kazi yake haina mwenyewe. Lakini tafsiri yake, Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka wa 1969, ni kazi ya Mwalimu Julius Nyerere, naye alifariki mwaka wa 1999. Hesabu mwenyewe. Asili ni ya bure, tafsiri ingali ina mwenyewe. Ajuaye hili hatapoteza usiku wake wala bando la mzazi kuitafuta.

Ghala kongwe la vitabu hivi ni Project Gutenberg. Mwanzilishi wake, Michael Hart wa Marekani, alipewa nafasi ya kutumia kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois, na tarehe 4 Julai 1971 akapiga chapa humo Azimio la Uhuru wa nchi yake ili wengine walisome. Leo ghala hilo lina vitabu zaidi ya 70,000, vingi vya Kiingereza. Vya Kiswahili ni haba mno, jambo la kusikitisha. Humo mna Zanzibar Tales cha George Bateman, cha mwaka wa 1901, chenye hadithi ya punda wa dobi; hadithi ya kwetu pwani, lakini kwa Kiingereza! Atakaye kuisoma kwa Kiswahili na aende ghala jingine, Internet Archive, akatafute Swahili Tales cha Edward Steere, kilichochapishwa London mwaka wa 1870. Kiswahili chake cha Unguja ya zamani kitakutuma kwenye kamusi mara kwa mara, nami naona hiyo ni faida.

Ama vitabu vya kusikiliza, viko LibriVox, iliyoanzishwa mwaka wa 2005 na Hugh McGuire wa Kanada. Wasomaji wake hujitolea bila malipo. Mmoja husoma kama mwalimu wa fasihi, mwingine kama karani aitaye majina. Ukimpata wa pili, tafuta msomaji mwingine wa kitabu kile kile. Sikiliza huku macho yakifuata maandishi, na matamshi yako ya Kiingereza yatanyooka.

Wazazi wajue gharama. Riwaya ya maandishi matupu aghalabu haifiki megabaiti 1 au huizidi kidogo, lakini saa moja ya sauti, hata katika faili lile dogo, huchukua megabaiti 28 hivi. Afadhali kupakua penye mtandao wa bure, kisha kusikiliza nyumbani bila mtandao.

Kuna vitabu vingine ambavyo ni vya bure ingawa watunzi wake wako hai, kwa kuwa wameridhia wenyewe. Hivyo ndivyo vilivyo vitabu vya picha vya African Storybook, vilivyoanzia Afrika Kusini. Vya Kiswahili vimo, vyafaa sana kwa wadogo zetu, na ruhusa yake yafika mbali: anayejua Kigogo au Kisukuma aweza kukichukua kimoja, akakitafsiri na kukiweka humo humo watoto wa kwao wakisome.