Ukusanyaji wa video za vichekesho Tanzania

Ukusanyaji wa video za vichekesho ni kazi ya kutafuta, kupanga na kutunza kanda na diski zenye michezo ya kuchekesha, iwe ilirushwa na televisheni au ilitengenezwa ili iuzwe kwa watazamaji wa nyumbani. Huko Uingereza na Marekani mkusanyaji anaweza kununua seti kamili: sanduku moja lenye vipindi vyote vya mchezo fulani pamoja na kijitabu cha maelezo. Nchini Tanzania vichekesho viliuzwa zaidi kwa diski moja moja, hivyo mkusanyaji hujijengea seti yake mwenyewe.

Historia

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994, kimojawapo ITV. Kabla ya hapo wakazi wa Bara walitazama picha kwa deki ya video, nyumbani kwa aliyekuwa nayo au kwenye mabanda ya video kwa kiingilio kidogo.

ITV ilirusha michezo ya vikundi vya Dar es Salaam kama Kaole Sanaa Group. Katika miaka ya 2000 kundi la Ze Comedy lilipata umaarufu kupitia EATV. Miongoni mwa wasanii wake walikuwa Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvwanga, Mac Regan na Vengu. Baadaye walihamia TBC1 na kuendelea kwa jina la Orijino Komedi.

Vichekesho vingine havikusubiri televisheni, bali viliingia sokoni moja kwa moja kama video. Msanii aliyejulikana zaidi katika soko hilo ni King Majuto (Amri Athumani), aliyezaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki tarehe 8 Agosti 2018. Wengine ni Mzee Small (Said Ngamba), aliyefariki mwaka 2014, Kingwendu, na Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 2012 na aliyewahi kuigiza pamoja na King Majuto.

Aina za kanda na diski

* Kanda ya VHS, iliyobuniwa Japani na kuingia sokoni mwaka 1976, huhifadhi picha kwenye utepe wa sumaku. Utepe huchakaa kila unapochezwa.
* VCD huchukua takriban dakika 74 za picha. Filamu ndefu kuliko hapo huhitaji diski mbili.
* DVD ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti 4.7, nayo hutosha filamu nzima. Hata hivyo, filamu nyingi za Tanzania ziliendelea kuuzwa kama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja na kava lake.
* Diski za mkusanyiko hubeba filamu nyingi zilizobanwa kwenye DVD moja. Bei yake ni ndogo, lakini picha hupungua ubora, na nyingi hutengenezwa bila idhini ya wenye haki.

Kutambua nakala halisi

Mwaka 2013 kanuni za kodi zilianza kudai kazi za filamu na muziki zilizouzwa zibandikwe stempu ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Stempu humsaidia mnunuzi kutofautisha nakala halali na iliyochomwa mitaani. Diski iliyotoka kabla ya mwaka huo huenda isiwe na stempu hiyo, kwa hiyo mkusanyaji huangalia pia uchapaji wa kava, jina la msambazaji na upande wa chini wa diski. Diski iliyotengenezwa kiwandani huwa na rangi ya fedha, wakati iliyochomwa kwa kompyuta mara nyingi huwa na rangi ya kijani, buluu au zambarau.

Utunzaji katika hewa ya bahari

Kisiwani Mafia, kama kwingineko pwani, joto, unyevu na chumvi ya bahari ni adui wa mkusanyo. Ukungu huota kwenye utepe wa VHS na unaweza kuhamia kwenye deki, kisha kwenye kanda nyingine. Unyevu ukipenya kwenye diski huharibu tabaka la alumini linaloakisi mwanga, na diski hushindwa kusomwa hata kama haina mkwaruzo. Diski zilizochomwa huharibika mapema zaidi, kwa kuwa data yake imeandikwa kwenye rangi inayopauka kwa joto na jua.

Kanda na diski hutunzwa zikiwa zimesimama wima ndani ya kava, mbali na dirisha na sakafu, kwenye chombo kinachofungwa vizuri. Njia ya uhakika zaidi ni kunakili yaliyomo kwenye diski kuu ya kompyuta mapema, na kuweka nakala ya pili mahali pengine.

Umuhimu

Kumbukumbu za vituo vya televisheni hazidumu daima. BBC ilifuta kanda nyingi za zamani ili izitumie tena. Kwa sababu hiyo vipindi vitatu kati ya 80 vya mchezo wa kuchekesha Dad's Army (1968–1977) havijapatikana hadi leo, na kwa mchezo huo hata seti kubwa ya kifahari haiwezi kuwa kamili. Kwa kichekesho ambacho hakikutolewa upya, diski iliyo kwenye kabati la mtu inaweza kuwa nakala pekee iliyobaki.

Kuwa na diski hakumpi mtu haki ya kuirudufu kwa biashara. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za filamu, na ruhusa ya kuzitoa upya hubaki kwa mwenye haki.

Tazama pia

* King Majuto
* Mafia (kisiwa)
* Hakimiliki
* DVD