Mwaka wa Kwanza wa Chuo Huanza Kidato cha Tano

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa nchini Uganda, nyumba nyingi za Mulago hugeuka baraza. Baba, mama, shangazi, na pengine jirani aliyepata kufanya kazi hospitalini, huketi na kulijadili swali moja: je, binti yetu aendelee na kidato cha tano, au aingie moja kwa moja katika shule ya uuguzi? Fedha za karo ni haba, na wadogo zake wanangoja zamu yao. Katika hali hiyo ni rahisi kuamini kwamba kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili ya kupoteza, kwa kuwa mwishoni mwake kijana hatoki na kazi mkononi.

Kabla ya kukata shauri, yafaa wazazi wajue jambo moja ambalo halielezwi mara nyingi. Miaka miwili hiyo si mkia wa shule ya sekondari. Kwa hakika ni sehemu ya masomo ya chuo kikuu ambayo kijana huisoma angali amevaa sare ya shule.

Ushahidi wake umo katika vilima viwili vinavyotazamana, Makerere na Mulago. Chuo cha Makerere kilifunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mafunzo ya utabibu yakaanza mwaka 1924. Katika zama hizo shule zetu hazikuwa na kidato cha sita. Kijana aliyetaka udaktari alifundishwa kwanza fizikia, kemia na baiolojia chuoni Makerere, kisha ndipo akavuka bonde la Wandegeya kwenda kujifunza kando ya vitanda vya wagonjwa Mulago. Baadaye shule za sekondari zilipoanzisha kidato cha tano na cha sita, mafunzo hayo ya matayarisho yalihama kutoka chuoni yakaja madarasani mwa shule. Ndiyo sababu leo mwanafunzi wa udaktari Makerere husoma miaka 5, ilhali mwenzake wa Marekani kwa kawaida hukaa chuoni miaka 4 kwanza, ndipo aingie shule ya udaktari kwa miaka mingine 4.

Wamarekani wenyewe waliuona upungufu huo. Tangu miaka ya 1950 wamekuwa na mpango unaomruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma somo la kiwango cha chuo na kulifanyia mtihani unaotolewa alama 1 hadi 5. Akipata 3 au zaidi, vyuo vingi huweza kumhesabia somo hilo, asilirudie tena wala kulilipia. Vyuo vingi vya huko hufanya vivyo hivyo kwa mwanafunzi aliyefaulu vizuri kidato cha sita cha Uganda. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto anayekwenda ng'ambo asisahau kutuma vyeti vyote na kuomba masomo yahesabiwe.

Jirani zetu wa Kenya nao wametupa mfano. Walipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kidato cha tano na cha sita viliwekwa njiani kuondolewa, na mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa mwaka 1989. Shahada za kawaida zilizokuwa zikichukua miaka 3 zikawa za miaka 4. Mwaka ule ulioondolewa shuleni ulibidi ulipwe chuoni.

Basi, uchaguzi wa masomo ya kidato cha tano ni uchaguzi wa chuo. Makerere kwa miaka mingi imeyapima masomo kwa uzito: lililo la lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, na linalohusiana nayo kwa 2. Kwa udaktari, kemia na baiolojia ndiyo ya lazima. Mtoto anayeyaacha kwa sababu rafiki zake wamekwenda kwingine amejifungia mlango akiwa na umri wa miaka 16 au 17, bila kujua.

Hata hivyo, makala haya hayasemi kwamba kila mtoto aende kidato cha tano. Njia ya cheti nayo ina heshima na hesabu yake. Kozi ya cheti cha uuguzi huchukua miaka miwili na nusu baada ya kidato cha nne. Muuguzi huyo, akiisha kufanya kazi kwa muda, huweza kurudi na kupata stashahada kwa mwaka mmoja na nusu, kwa kuwa cheti chake kimehesabiwa. Jumla ni miaka 4 ya masomo, na katikati amekuwa akila jasho lake na kuwasaidia wadogo zake. Anayepitia kidato cha sita husoma stashahada hiyo kwa miaka 3, yaani jumla miaka 5, lakini yeye huweza pia kuomba shahada moja kwa moja. Mwenye stashahada nzuri naye huweza kuomba chuo kikuu, ingawa nafasi za njia hiyo ni chache na ushindani ni mkali.

Upo pia mlango wa tatu. Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne, ulioanza mwaka 2020, ulikusudia mwanafunzi anayesoma somo la ufundi aweze kupimwa na kupata cheti cha ufundi cha daraja la kwanza angali shuleni. Mzazi na aulize shuleni kama nafasi hiyo ipo.

Naam, aulize, na jibu alitake kwa maandishi. Mwandishi wa makala haya alisomea cheti cha ualimu, na alipotaka kujiendeleza aliambiwa kwa mdomo katika chuo kimoja kwamba masomo yake ya awali yangehesabiwa. Alikwisha kulipa karo ya muhula ndipo akaelezwa kwamba halikuhesabiwa hata moja. Alirudia yale aliyokuwa amekwisha kuwafundisha wengine, na fedha zile zilikuwa za ada ya mtoto wake.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kabla hujatoa hata shilingi moja, uliza mambo matatu: je, kozi hii imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu au chombo kingine cha serikali kinachohusika? Ni masomo gani ya mtoto wangu yatakayohesabiwa? Na baada ya kozi hii, mlango gani utafunguka na upi utafungwa? Binti naye awepo barazani na asikilizwe, kwani miaka inayogawanywa hapo ni yake. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulipia mara mbili elimu ambayo mtoto amekwisha kuipata.