Mkikuyu Aliyepewa Lafudhi ya Ziwa
Mimi huchekesha watu Karatina, na mwalimu wangu ni Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi, aliyefariki Julai 2015. Alikuwa Mkikuyu, lakini kwenye runinga ya KBC alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo hadi wengi wakaamini ni mtu wa Kisumu. Mary Khavere, Mama Kayai aliyekuwa mkewe igizoni, ni Mluhya.

Jambo hilo linanigusa: mke wangu ametoka Siaya, Ujaluoni. Kabla ya kumwigiza mama mkwe jukwaani Nyeri au Nanyuki, humpigia simu nikamsikilizisha kichekesho kwanza. Asipocheka, nakiacha.