Afya Yako: Majibu ya Damu kwa Mgonjwa wa Mishipa

(MUZIKI WA KIPINDI UNAINGIA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia ugonjwa ambao wengi hatuujui kwa jina, lakini wapo wenzetu wanaoishi nao. Wataalamu wanauita vaskulaitisi, yaani kuvimba kwa kuta za mishipa ya damu.

Kazi ya kinga ya mwili ni kupigana na vijidudu. Katika aina nyingi za ugonjwa huu, kinga hugeuka na kushambulia mishipa ya mwili wenyewe. Mshipa ukivimba, njia ya damu hupungua au huziba, na kiungo kinachotegemea damu hiyo huumia: figo, mapafu, macho, neva au ngozi. Ugonjwa huu hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa.

Mgonjwa akishaanza dawa, hupimwa damu mara kwa mara, naye hurudi na karatasi yenye namba. Mmoja anaona namba imeshuka, anasema "nimepona," anaacha vidonge. Mwingine anaona imepanda, anajiongezea dawa mwenyewe. Wote wawili wako hatarini. Basi tuzijue namba hizi.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Kipimo cha kwanza kinaitwa ESR. Unajua maji yenye tope yakikaa kwenye dumu, tope linashuka chini. Damu nayo huwekwa kwenye mrija mwembamba uliosimama kwa saa moja, kisha hupimwa chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwili ukiwa na uvimbe ndani, chembe hizo hushikamana na kushuka haraka. Kwa mtu mzima wa chini ya miaka 50, kwa kawaida namba haizidi 15 kwa mwanaume na 20 kwa mwanamke. Umri mkubwa, ujauzito na upungufu wa damu pia huipandisha.

Cha pili ni CRP. Hii ni protini inayotengenezwa na ini. Uvimbe ukianza hupanda ndani ya saa chache, na sababu ikiisha hushuka ndani ya siku chache. ESR huchelewa zaidi kushuka, wakati mwingine wiki kadhaa.

Vipimo hivi viwili ni kama moshi. Ukiuona unajua kuna moto, lakini hujui nyumba ya nani inaungua. Malaria, kifua kikuu, nimonia na hata kidonda chenye usaha huvipandisha. Na dawa za mishipa hupunguza nguvu ya kinga, kwa hiyo mgonjwa huyu hupata maambukizi kwa urahisi. Namba ikipanda, daktari lazima kwanza aulize: je, ni ugonjwa wa mishipa umerudi, au ni maambukizi? Ukijiongezea dawa na kumbe una kifua kikuu, unakipa nafasi ya kuenea.

Kinyume chake pia hutokea. Kuna aina inayoshika mishipa mikubwa, hasa kwa wanawake vijana. Daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, aliieleza mwaka 1908. Kwa baadhi ya wagonjwa wake, ESR na CRP huwa za kawaida huku mshipa ukiendelea kuharibika. Ndiyo maana mhudumu hupima mapigo na presha kwenye mikono yote miwili. Usimwambie anapoteza muda.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Cha tatu ni ANCA, ambacho hufanyika kwenye maabara kubwa. Hiki hutafuta kingamwili zinazoshambulia chembe nyeupe za mwili wenyewe. Kinasaidia sana kuutambua ugonjwa mwanzoni, lakini katika kufuatilia hakitoshi peke yake. Wapo wanaobaki na ANCA kwenye damu huku wametulia, na wapo ambao ugonjwa hurudi bila namba kupanda.

Cha nne ni kreatinini, kinachoonyesha kama figo zinachuja vizuri. Hiki huenda pamoja na kipimo cha mkojo. Figo zinaweza kuharibika bila maumivu yoyote, na damu au protini kwenye mkojo ikawa ndiyo dalili ya mapema. Ukiambiwa ulete mkojo, lete.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, daktari huweka pamoja namba, mkojo, presha na maelezo yako mwenyewe. Mweleze kila kitu: homa, kupungua uzito, ganzi, vipele, maumivu ya viungo.

Usisubiri siku ya kliniki ukikohoa damu, ukipoteza kuona ghafla, mguu au mkono ukilegea, au mkojo ukipungua sana au kuwa na rangi ya chai. Na mzee aliyezidi miaka 50 akipata maumivu mapya ya kichwa pembeni na taya likimuuma anapotafuna, awahishwe siku hiyo hiyo. Anaweza kupofuka.

Prednisoloni isikatishwe ghafla. Ukiitumia kwa wiki nyingi, mwili huacha kutengeneza homoni yake ya kutosha, na kuikata kwa mara moja kunaweza kuua. Vidonge vikikaribia kuisha, nenda kituoni kabla ya kile cha mwisho.

Mwisho, tunza karatasi zako zote kwenye mfuko wa plastiki, zikiwa na tarehe. Ukihamishwa kambi au kupewa rufaa, daktari mpya atalinganisha namba za leo na za zamani. Namba moja peke yake haimwambii mengi.

Mwambie na jirani asiye na redio.

(MUZIKI WA KUFUNGA)