Begum Rokeya: Aliyesomeshwa usiku kwa siri, akafungua shule mchana

Jina lake sisi watu wa pwani tungelitamka Rukia. Wabengali huliandika Rokeya, na kwa heshima humwita Begum Rokeya. Nataka leo tumjue mwandishi huyu, kwa sababu hoja alizozijibu zaidi ya miaka mia moja iliyopita bado nazisikia barazani kila pakizungumzwa elimu ya mtoto wa kike.

Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Pairaband, Rangpur, sehemu ambayo leo iko Bangladesh lakini wakati huo ilikuwa India chini ya Waingereza. Babake alikuwa Muislamu mwenye ardhi nyingi na ukoo wa kutajika. Katika nyumba kama ile wanawake walitawishwa kwelikweli. Mwenyewe ameandika kwamba tangu ana miaka mitano alitakiwa kujificha hata wageni wa kike wakija.

Wavulana wa nyumba hiyo walipelekwa Kolkata kusoma. Wasichana walifunzwa kusoma Qur'ani, basi. Kibengali, lugha ya watu waliowazunguka, kilionekana hakiwafai, na Kiingereza ndiyo kabisa. Kakake mkubwa, Ibrahim, alingoja watu walale ndipo amfundishe. Dadake, Karimunnesa, alimsaidia kwa Kibengali.

Alipofika takriban miaka 18 aliolewa na Sakhawat Hossain, afisa wa serikali mjini Bhagalpur, aliyekuwa amefiwa na mke na kumzidi sana umri. Ndoa hiyo haikumfunga. Mume alimhimiza asome na aandike.

Mwaka 1905 alichapisha kwa Kiingereza hadithi iitwayo Ndoto ya Sultana. Ndani yake mambo yamepinduliwa: wanaume ndio waliotawishwa, na wanawake wanaendesha nchi. Wanavuna joto la jua, wanateka maji kutoka mawinguni, na wanasafiri angani. Ni hadithi ya kuchekesha, lakini msomaji wa kiume akimaliza kucheka hubaki na swali: kama kufungiwa ndani si kitu kizuri kwangu, kwa nini kiwe kizuri kwa dadangu?

Mumewe alifariki mwaka 1909. Watoto wao wawili wa kike walikuwa wamekufa wakiwa wachanga. Mwaka huohuo Rokeya alifungua shule ya wasichana Bhagalpur, akaipa jina la marehemu, ikiwa na wanafunzi watano. Baada ya mzozo na jamaa za mume alihamia Kolkata, akaanza upya mwaka 1911 na wanafunzi wanane. Kumbuka mwenyewe hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wazazi, na ilimbidi aweke gari lililofunikwa ili wasichana wasionekane njiani. Shule hiyo ipo hadi leo.

Riwaya yake, Padmarag, ilitoka mwaka 1924. Inasimulia nyumba moja inayokaliwa na wanawake Waislamu, Wahindu na Wakristo, wengi wao wakiwa wameumizwa na waume au jamaa zao. Wanaendesha shule, karakana na hospitali ya maskini. Siddika, mhusika mkuu, mwishowe anapata nafasi ya kurudi kwa mume, na anachagua kazi yake. Kwa riwaya ya wakati ule, huo ulikuwa mwisho wa kushtua.

Mwaka 1931 alikusanya visa vya utawa kupita kiasi. Kimoja kinamhusu jamaa wa mumewe aliyeanguka kwenye reli kituoni. Mtumishi wake wa kike aliwazuia wanaume wasimguse kumtoa, treni ikaondoka, akafa.

Wapo watakaosema huyu alikuwa adui wa dini. Sivyo. Rokeya alijistiri, na aliandika makala kutetea stara. Alichokipinga ni kugeuza stara kuwa kifungo. Katika hotuba yake ya mwaka 1926 mbele ya mkutano wa elimu ya wanawake Bengal, hoja yake ilikuwa kwamba Uislamu umempa mwanamke haki ya elimu, na anayemnyima ndiye anayekwenda kinyume na dini yake.

Hapo ndipo naona somo letu. Mara nyingi tunasingizia dini wakati tatizo ni karo, au hofu ya majirani watasema nini, au haraka ya kuoza. Rokeya alitenganisha mambo hayo, moja moja, kwa kalamu na kwa vitendo.

Alifariki tarehe 9 Desemba 1932, na Bangladesh huiadhimisha siku hiyo kila mwaka kwa jina lake. Sisi si lazima tungoje Desemba. Ukiwa na binti nyumbani aliyeacha shule, muulize wiki hii ni nini hasa kilichomtoa, kisha uone kama sababu hiyo kweli inatoka kwenye dini.